Ishirini na Sita kwa Kumi na Mbili: Maisha ya Darin James Kubicek, 1973–2025

Darin James Kubicek alizaliwa tarehe 4 Mei 1973, alfajiri, jikoni kwao, maili nne kaskazini mwa mji wetu wa Velden, Iowa. Haikupangwa azaliwe jikoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, gari la baba yake, marehemu Edward, likanasa kwenye tope la njia ya shamba, na kabla trekta halijalivuta, mtoto alishatoka. Mama yake, Arlene, aliye nasi hapa benchi la mbele, husema mpaka leo, "Yule hakuzaliwa, alichoropoka." Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni Loren.

Mkewe, Renae, ameomba wasifu huu usomwe wote, usikatwe hata kama chakula kinapoa huko chini. Kuna jambo la pointi moja ambalo mji huu umelijua vibaya kwa miaka thelathini na minne. Aliyelificha ni yeye Renae, na anataka lisomwe mbele ya watu walewale waliocheka.

Utoto wa marehemu ulikuwa wa nguruwe, mahindi na ndama. Alipokuwa na miaka sita, baba yake alitoka zizini akamkuta nyuma ya ghala na ndama mmoja dume. Darin alikuwa anamvamia miguu, anamwangusha, anamwachia. Ndama anainuka, anatikisa masikio, na kabla hajajua aende wapi yuko chini tena. Loren alikuwa amekaa juu ya uzio, amefika mara ya tisa katika kuhesabu.

"Wewe! Huyo ndama kakukosea nini?"

"Hajanikosea, Baba. Anainuka vizuri."

Alisoma Shule ya Msingi ya Velden, kisha sekondari hapahapa kuanzia 1987 hadi 1991. Kwenye kuandika hakuwa mtu wa kusifiwa. Lakini hesabu za kichwa alikuwa nazo. Mwalimu wake, Bi Pospisil, alipotaka kwenda haraka alikuwa haulizi nani anajua, anasema tu, "Darin?" na jibu linatoka nyuma ya darasa kabla wengine hawajashika penseli. Hilo tafadhali likumbukwe.

Mieleka ndiyo iliyompa jina. Kwa ndugu wa upande wa Renae wasiofuata mieleka, nao wako wawili tunawajua, mambo yako hivi: enzi zile ukimwangusha mwenzako ulipata pointi mbili. Aliyeangushwa akitoka mikononi mwako akasimama, yeye alipata moja. Ukimbana mabega yote mawili kwenye mkeka, mchezo umekwisha papo hapo. Na ukimzidi kwa pointi kumi na tano, refa anapuliza filimbi, mnapeana mikono, mnakwenda nyumbani.

Wengi hutafuta mabega. Darin hakuyataka. Alizama ghafla kama mtu aliyedondosha kitu sakafuni, na akiibuka ana mguu wa mwenzake kifuani. Mbili. Akishamlaza, anafungua mikono kwa hiari yake, anarudi nyuma hatua mbili, anamsubiri ainuke. Moja kwa yule. Anazama tena. Mbili. Ukipiga hesabu hiyo utaona kila mzunguko anapata faida ya pointi moja tu, kwa hiyo kufika kumi na tano lazima umwangushe mtu mara kumi na nne ndani ya dakika sita. Ishirini na nane kwa kumi na tatu. Mwaka wake wa mwisho, katika uzito wa pauni mia na arobaini na tano, alishinda michezo thelathini na nne bila kushindwa kabla ya fainali ya wilaya. Ishirini na miwili kati yake ilikwisha kwa namna hiyo. Walioshindwa kwa kubanwa mabega walikuwa watatu, na mmoja wao aliteleza mwenyewe.

Kocha Lundeen alikuwa anapandwa na jazba pembeni mwa mkeka. "Mbane! Darin, mbane tumalize! Watu tuna njaa!"

"Nikimbana imekwisha, Kocha," alimjibu siku moja huku amemkalia mtu. "Watu wametoka mbali kwenye theluji hii."

Waliokuwa wakicheza naye hawakumchukia. Hakuwa na dharau. Alimsubiri mtu ainuke kwa uso uleule aliokuwa nao kwa yule ndama.

Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1991 fainali ya wilaya ilichezwa Brandt, kwenye ukumbi wa shule yao. Ubao wa umeme ulikuwa umeharibika tangu asubuhi, wakaweka kadi za namba mezani, zile za kugeuza kwa mkono, nyekundu za Darin na kijani za Curt Tjaden, kijana wa Brandt. Kazi ya kugeuza alipewa msichana wa shule hiyo, umri miaka kumi na sita. Alitakiwa asikilize refa, ageuze, asifanye kingine chochote.

Darin alimwangusha Tjaden mara kumi na mbili. Mara ya kumi na mbili alipomwachia, refa alinyoosha kidole kimoja kumpa Tjaden pointi yake, na kadi ya kijani ilipaswa kutoka kumi na moja kwenda kumi na mbili. Haikwenda. Yule msichana alikuwa anamtazama Darin akirudi nyuma zile hatua zake mbili, akasahau kwamba ana mikono. Darin akazama mara ya kumi na tatu. Nyekundu ikageuzwa vizuri: ishirini na sita. Kwa kweli ilikuwa ishirini na sita kwa kumi na mbili, tofauti kumi na nne. Kadi zilisema ishirini na sita kwa kumi na moja.

Kichwani mwake Darin alikuwa na kumi na nne. Akainua macho mezani, akaona kumi na tano. Akajiambia nimepoteza moja mahali. Akamwachia Tjaden, akasimama wima, akanyoosha mkono wa kupeana.

Filimbi haikuwa imelia. Tjaden, akiwa bado na goti moja chini, aliuona ule mkono, akaona na mguu uliosimama karibu nao, akachukua mguu. Ilichukua sekunde nne. Refa alipiga mkeka kwa kiganja, ishara kwamba mabega ya Darin yamebanwa, upande wa Brandt ukalipuka, na mezani yule msichana akageuza kadi mbili kwa pamoja, kumi na moja mpaka kumi na tatu, kabla mtu hajageuka kutazama.

"Ilikuwa kumi na moja!" Darin alikuwa amekaa kwenye mkeka akionyesha kidole. "Kocha, iliandikwa kumi na moja!"

Kocha Lundeen alikwenda mezani, akasoma kitabu cha pointi, akarudi taratibu. "Kitabu kinasema kumi na mbili kabla hujamwachia, mwanangu. Na kadi ndizo hizo, zitazame."

Loren, juu kabisa kwenye viti, hakuweza kujizuia. "Ishirini na sita toa kumi na mbili ni ngapi, Profesa?"

Ukumbi mzima ulicheka, na watu wa Velden walicheka pia. Jina lile lilirudi naye nyumbani kwenye basi.

Wiki ya kwanza marehemu alibisha. Wiki ya pili alinyamaza. Alikwenda Des Moines kwenye mashindano ya jimbo kama mshindi wa pili wa wilaya, na waliokuwapo watakumbuka walichokiona: kila baada ya kumwangusha mtu aligeuka kutazama ubao. Akimwachia, anatazama tena. Akaanza kuogopa kuachia. Alitolewa tano kwa nne na kijana ambaye Desemba alimfunga ishirini na nane. Kocha wa chuo kimoja aliyekuja kumwona alirudisha daftari lake mfukoni. Na mwisho wa Machi Darin mwenyewe alikuwa anasema, "Mimi na hesabu hatupatani," na watu wakaitikia kama jambo linalojulikana.

Alifanya kazi kwanza kwenye ghala la nafaka la ushirika, 1991 mpaka 1998, na kila Julai aliendesha basi la vijana wanaokwenda kung'oa mbelewele, yale maua ya juu ya mahindi, kwenye mashamba ya mbegu. Ndiko alikokutana na Renae Ihnen, Julai 1992. Renae alikuwa amemtambua tangu siku ya kwanza. Alipanga maneno siku tatu. Siku ya nne, wakati wa chakula cha mchana, alimfuata pale alipokaa kwenye ngazi ya basi na mkate wake.

"Naitwa Renae. Natoka Brandt."

"Brandt? Nyie watu wa Tjaden?" Alisogea kumpa nafasi. "Kaa, sina kinyongo. Yule hakunishinda, nilijishinda mwenyewe. Wewe unajua kuhesabu?"

"Naweza."

"Basi nisaidie kitu. Nihesabie wenzako kama wote wametoka shambani. Nimewahesabu lakini mimi siaminiki."

Renae aliwahesabu. Walikuwa ishirini na watatu. "Mimi nilipata ishirini na watatu," Darin akasema, akafurahi kama aliyepewa zawadi. Maneno aliyoyapanga siku tatu yalirudi tumboni. Alijiambia atasema kesho. Kesho yake Darin alimletea pai ya mulberi aliyoipika Arlene, na pai ikishaliwa unaanzaje?

Walifunga ndoa hapahapa kanisani, Mtakatifu Wenseslaus, tarehe 11 Juni 1994. Mungu akawapa Tessa, Caleb na Mara.

Renae amesema isiandikwe kwamba alisahau. Hakusahau. Alikusudia kumwambia kabla ya harusi, akaogopa ataachwa. Akakusudia tena Tessa alipozaliwa. Baadaye akaogopa kitu kingine: yeye ni wa Brandt, na nani angeamini kwamba msichana wa Brandt aliiacha kadi ile bila makusudi?

Mwaka 1998 marehemu aliajiriwa kuendesha basi la shule, namba tisa, na aliliendesha miaka ishirini na sita. Watoto wote wa namba tisa wanajua kwamba alihesabu vichwa mara mbili, wakipanda na wakishuka. Walikuwa wanamtania: "Bwana Kubicek, ni sisi walewale!" Yeye anajibu, "Kaa chini wewe, umenipoteza, naanza upya." Januari 2009, baridi ikiwa ya kuua, hesabu ya pili ilikuwa pungufu kwa mmoja, akarudi nyuma ya basi akamkuta mtoto wa chekechea amelala chini ya kiti, amefunikwa na koti la mwenzake.

Jumamosi asubuhi alifundisha mieleka ya watoto wadogo, miaka ishirini na moja, bila kukosa. Aliwafundisha kuzama, kuibuka na mguu, kuachia, kurudi nyuma hatua mbili. Pointi hakuziandika hata siku moja. Alimwita mzazi yeyote: "Njoo mama, wewe ndiye mwenye kichwa." Na mwaka 2006 Kocha Lundeen alipostaafu, shule ikamletea Darin kazi ile mpaka mlangoni. Aliikataa. "Kocha lazima ajue pointi ziko ngapi," aliwaambia. Renae alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo umewaelekea. Alifungua maji ili asisikie mengine.

Tarehe 9 Septemba 2024 madaktari wa Mason City walimkuta na saratani ya kongosho. Alipata dawa mpaka Januari, kisha akasema imetosha, anataka kukaa kwake. Kitanda kiliwekwa sebuleni mbele ya televisheni. Hakulalamika, ila supu ya tambi aliichukia na alisema hivyo.

Ijumaa tarehe 21 Februari mwaka huu, mchana, walikuwa wanatazama mashindano ya jimbo. Mwaka huu sheria imebadilika: ukimwangusha mtu unapata pointi tatu, si mbili. Darin aliinua macho darini.

"Saba," akasema. "Tatu mara saba, ishirini na moja. Umemwachia mara sita. Kumi na tano. Renae, leo hii ningemaliza kwa mara saba tu!" Kisha akacheka, akapunga mkono. "Au nane. Usinisikilize mimi na hesabu zangu."

Ilikuwa saba. Renae alikuwa ameshaihesabu, na ilikuwa saba. Akazima televisheni.

"Mbona unazima? Ni nusu fainali!"

"Darin, ilikuwa kumi na moja."

"Nini kumi na moja?"

"Kadi ya kijani. Brandt. Mimi ndiye niliyekuwa nageuza. Sikuigeuza. Uliona kumi na moja kwa sababu ilikuwa kumi na moja."

Renae alisema yote yaliyobaki akiwa amesimama, ya kadi mbili alizogeuza pamoja, ya Julai ile kwenye ngazi ya basi, ya pai, ya sinki. Alipomaliza alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili.

"Kwa makusudi?" Darin akauliza.

"Hapana. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Basi bado ni kosa langu," akasema, na hapo Renae akakaa chini, palepale kwenye zulia, akalia mpaka Mara akaja mbio kutoka jikoni akidhani baba amekwisha. Baba alikuwa anacheka, anakohoa, anatafuta miwani. "Lete simu. Lete simu, mtoto! Nilikuwa na kumi na nne kichwani! Kumi na nne!"

Hatutasema hakuumia. Jioni ile hakula, na kulikuwa na nusu saa ambayo alimwomba Renae akae chumba kingine. Baadaye alimwita. Walichosema hapo ni chao.

Lakini simu alipiga, siku mbili nzima. Alimpigia Kocha Lundeen, miaka themanini na nne, ambaye alisema, "Mungu wangu, na mimi nilikuambia utazame kadi." Alimpigia Curt Tjaden.

"Curt, nilikuwa sahihi. Ningekumaliza kwa moja zaidi."

"Kumi na nne, kumi na tano, refa hakupuliza," Tjaden akajibu. "Ulinipa mkono, nikachukua mguu. Mgongo wako uligusa mkeka, Kubicek, mpaka leo una alama."

"Umezeeka na uongo wako."

"Lakini nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kila uliponiachia nilikuwa naomba usiniachie. Nilikuwa nataka kubaki palepale chini nilale."

Loren hakupigiwa simu. Loren aliitwa. Aliingia na kofia mkononi, akasikiliza yote, akamtazama Renae, akamtazama mdogo wake. "Nimekuita Profesa miaka thelathini na minne," akasema.

"Endelea tu. Sasa ni kweli."

Jumamosi tarehe 1 Machi aliomba apelekwe kwenye mazoezi ya watoto. Caleb alimbeba mpaka kwenye kiti. Kulikuwa na mchezo wa watoto wa miaka saba, na mama mmoja akakaa mezani kuhesabu kama kawaida. Darin akamwambia, "Samahani mama, leo mimi." Alihesabu kwa sauti, pointi kwa pointi, mpaka mwisho, na hakugeuka kumwuliza mtu. Sauti haikuwa kubwa lakini ukumbi ulinyamaza ili isikike. Renae alikuwa mlangoni na koti lake. Mara anasema hajawahi kumwona mama yake akisimama vile, mabega yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo mbili za maji.

Darin alifariki Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake, bila maumivu, wote tukiwapo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Hatuwezi kusema hatukulia. Lakini kulikuwa na hewa ndani ya nyumba ile, na Renae alilala mchana wote hadi jioni, na hakuna aliyemwamsha.

Ameacha mke, Renae. Watoto Tessa na mumewe Brady, Caleb, na Mara. Wajukuu wawili, Hattie na Owen. Mama yake Arlene. Kaka yake Loren na familia yake. Na watoto wa basi namba tisa, ambao idadi yao aliijua. Kocha wa sasa ameomba jina la marehemu liandikwe kwenye ukuta wa ukumbi, na alipouliza waandike nini chini yake, Renae alisema waandike alama kama zilivyokuwa: 26–12, na isiongezwe hata moja.

Kwa hiyo, ndugu wa Velden, na nyie wa Brandt mliokuja, tukishuka kula mkisikia mtu anasimulia ile habari ya Brandt kama ilivyokuwa inasimuliwa zamani, mrekebisheni. Ndilo pekee ambalo mjane ameomba.

Mungu amlaze Darin pema. Hesabu yake ilikuwa sawa.